Kupungua Bila Kuulizwa Unaumwa Nini

Kwenye mwalo wa Majanji, mtu akinenepa haulizwi kitu. Anasalimiwa kwa furaha zaidi: umeng'ara, maisha yamekukubali, mzee anakutunza. Akipungua ndipo maswali yanapoanza, tena kwa upole. Umelala salama? Watoto hawajambo? Kuna neno nyumbani? Wiki moja baadaye swali lenyewe linapitia kwa shemeji au kwa mama mboga: kwani yule anaumwa nini?

Anayetaka kuzungumzia kupunguza uzito katika ukanda huu wa Busia na Tororo, upande wa Uganda au wa Kenya, sharti aanzie hapo. Ushauri mwingi unaotufikia kwa redio na kwa simu umetoka kwa watu wanaosifiwa wakikonda. Huku ziwani kukonda kuna historia nyingine. Mwaka 1982, katika mwalo mwingine wa Ziwa Victoria, Kasensero, wakati ule wilayani Rakai, wavuvi na wachuuzi walianza kuisha mwili na kufa kwa ugonjwa ambao madaktari hawakuwa wameupa jina. Wenyeji waliuita Slim. Oktoba 1985 David Serwadda na wenzake waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la Lancet, na kuuhusisha na virusi ambavyo leo tunaviita VVU. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala yanapita Malaba na Busia, na ugonjwa ulisafiri nayo. Mtu aliyefikia miaka 50 leo alikuwa mtoto au kijana wakati ule. Aliwaona wajomba na mashangazi wakilegewa na nguo mwezi hadi mwezi. Anapomwona jirani akipungua na moyo ukamruka, tusimwite mjinga. Anakumbuka.

Hata hivyo uzito upo, na unatuua kwa njia yake. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi. Kwa wanawake ilikaribia 4 katika kila 10. Utafiti kama huo uliofanywa Uganda mwaka 2014 ulikuta takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Presha na kisukari si magonjwa ya matajiri wa Kampala na Nairobi tena. Ukienda kliniki ya presha huku kwetu, benchi limejaa akina mama wa makamo waliokuja kwa boda boda kutoka vijijini.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: watu wetu wa makamo wapungue, lakini wapungue polepole, kwa vyakula vilevile vilivyomo jikoni mwao. Mwendo wa polepole unawapa majirani muda wa kuzoea, na hilo si dogo mahali ambapo uvumi unaweza kukukosesha wateja au mchumba wa binti yako. Lakini hata mwili wenyewe unataka hivyo. Anayejinyima ghafla, akashinda kwa maji ya ndimu na kula mara moja tu kwa siku, hupoteza maji na misuli pamoja na mafuta. Nguvu zinamwishia shambani, na njaa inamrudisha kwenye sufuria kwa kisasi. Miezi michache baadaye yuko palepale, na pengine amezidi.

Unene wa makamo na presha inayofuatana nao havikuwa kawaida ya nchi hizi zinazolizunguka ziwa. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, kule Kisii, aliandika kwamba katika miaka miwili alilaza wagonjwa wapatao 1,800 na hakumwona hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu. Alipowapima watu 1,000, aliona kwamba mtu wa huku alipopita miaka 40 shinikizo lake halikupanda kama la Mzungu. Lilielekea kushuka. Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, kwa karibu miaka 30, aliona jambo la aina hiyo, na baadaye yeye na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda kuanzia 1946, walilitangazia ulimwengu wazo kwamba nyuzinyuzi za nafaka na mboga, ambazo Ulaya ilikuwa ikizikoboa na kuzitupa, ndizo zilizomkinga Mwafrika na mengi. Walichojifunza hapa kikawa somo la madaktari wa London.

Sitaki kuipamba zamani. Surua, malaria na njaa ya kabla ya mavuno viliua watoto wengi mno, na hakuna anayetamani kurudi huko. Ninachotaka tukione ni kwamba unene huu hatukuurithi pamoja na damu. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti wa Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya wakahamia Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki. Waliohamia walikuwa wazito zaidi, mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi kuliko ya kijijini, na shinikizo lao la damu lilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu. Watu ni walewale, sahani ndiyo iliyobadilika.

Siku hizi huhitaji kuhama. Lami ya barabara ya Musita, Lumino hadi Majanji na Busia, kilomita 104, imeleta soda na unga mweupe karibu na maji. Mafuta ya kupikia yanauzwa kwa vipimo vidogo, hivyo hata asiye na hela ya lita anakaanga kila siku. Chapati imekuwa kifungua kinywa, na ikiviringishwa na mayai mawili ikawa rolex, inaliwa na mtu akiwa amesimama, kisha baada ya saa mbili anatafuta kingine. Na hatutembei. Boda boda ilizaliwa hapahapa Busia katika miaka ya 1960, ikiwa baiskeli ya kumvusha msafiri na mzigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mwendeshaji wa zama zile alipiga pedali kutwa kucha. Mwanawe leo anaketi juu ya pikipiki tangu alfajiri, na mama anayekwenda sokoni anaketi nyuma yake, hata kwa safari ambayo zamani alikwenda kwa miguu akiwa na karai kichwani.

Wengi hudhani kwamba baada ya miaka 40 moto wa mwili huzimika, kwamba chakula kilekile sasa kinageuka mafuta kwa sababu ya umri tu. Nimelisikia hili mara nyingi, hata kutoka kwa wahudumu wa afya. Mwaka 2021 Herman Pontzer na kundi kubwa la watafiti walichapisha katika jarida la Science vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, kiasi cha nguvu tunachotumia kwa siku hakibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni maisha. Mtu wa miaka 45 ana hela kidogo zaidi ya kununua nyama choma na bia, watoto wanamtekea maji, kazi yake imemketisha dukani au ofisini, na misuli anayoiacha bila kazi inapungua. Kwa mwanamke, kukoma kwa hedhi huhamishia mafuta tumboni. Yote haya yana uzito wake, lakini hakuna hata moja linalosema umechelewa. Kwangu hii ni habari njema kuliko zote katika makala haya.

Basi tuanze na chai, kwa sababu hapo ndipo pana hesabu rahisi.

Katika nyumba nyingi huku sukari hutiwa ndani ya sufuria pamoja na maziwa na majani, kisha chai humiminwa kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Hakuna anayejua amekunywa vijiko vingapi. Senge wangu, yaani shangazi, aliyeambiwa na daktari kwamba sukari yake iko mlangoni, hakuacha chai. Alitoa sukari kwenye sufuria akaiweka mezani, katika kopo lenye kijiko kidogo, kila mtu ajitilie. Hapo ndipo alipoona kwamba kikombe chake kimoja kilikuwa na vijiko vitatu, na vikombe vyake kwa siku ni vitatu.

Vijiko tisa ni takriban gramu 36 za sukari, sawa na kalori 144. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linasema ni bora sukari ya kuongezwa isipite asilimia 5 ya nguvu za siku, yaani kama gramu 25. Chai peke yake imeshavuka, na soda haijafunguliwa. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida huwa na sukari inayozidi gramu 50.

Sasa tazama kinachotokea mtu akiiacha sukari hiyo ya chai na asiifidie kwa kingine. Kevin Hall na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 2011 kwamba, kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kalori 24 anazopunguza kwa siku kwa kudumu hatimaye humpunguzia kilo moja. Nusu ya upungufu huo hupatikana ndani ya mwaka mmoja, na karibu wote ndani ya miaka mitatu. Kalori 144 ni kilo sita. Kilo tatu mwaka wa kwanza, zilizobaki miaka inayofuata, bila kulala na njaa hata usiku mmoja. Robo kilo kwa mwezi haimshtui shemeji yeyote.

Ulimi hauachi ghafla. Punguza nusu kijiko, kaa nacho wiki mbili, punguza tena. Tangawizi, mchaichai na iliki vinasaidia katika kipindi hicho. Senge sasa akikaribishwa chai ya sufuria kwa watu husema ni tamu mno, naye zamani ndiye aliyekuwa akiongeza.

Kitafunwa cha chai ni suala la pili. Badala ya mandazi au chapati, kiazi kitamu kilichochemshwa, muhogo wa kuchemsha, au njugu mawe kiganjani. Kipande, si sahani. Hapa watu hukosea: wanadhani chakula cha asili kikiwa cha asili basi kinaliwa bila kipimo.

Kosa hilohilo limekaa kwenye ugali. Utasikia mtu akisema ameacha sembe anakula ugali wa wimbi, kwa hiyo atakonda. Gramu 100 za unga wa wimbi zina nguvu karibu sawa na za unga wa mahindi, na unga wa muhogo, ambao Wasamia, Wagwe na Wateso huuchanganya na mtama au wimbi, karibu wote ni wanga mtupu wenye protini kidogo sana. Ubora wa wimbi na mtama uko kwingine. Vimesagwa na maganda yake, vina nyuzinyuzi, vinakaa tumboni, na tonge chache zinatosha. Lakini ni lazima ziwe chache. Na hilo ni gumu penye mlima mmoja wa ugali katikati ya meza na mikono sita inayoumega, kwa kuwa hakuna anayejua alipoishia. Aliye na nia ajikatie sehemu yake kwenye sahani mwanzoni, apunguze robo ya aliyozoea, na nafasi iliyobaki aijaze mboga. Baada ya mwezi robo hiyo haionekani kama imepungua.

Mboga ndizo utajiri wetu, na tumezidharau muda mrefu. Mnavu, ambao sokoni Busia unauzwa kwa jina la managu, saga, mrenda, kunde, mchicha, majani ya maboga: zote huota huku kwa mvua mbili za mwaka. Upande wa Kenya, mradi wa kimataifa wa bayoanuwai kwa chakula na lishe ulichagua Kaunti ya Busia kufanya kazi na wakulima ili shule zinunue mboga hizi. Nafurahi kwamba mtoto anakula shuleni kile ambacho baba yake alikiita chakula cha maskini. Ila mapishi yaangaliwe. Mboga ikiogeshwa mafuta imegeuka kitu kingine: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori zipatazo 120, na wapishi wengi hawatumii kijiko, wanainamisha chupa. Nyanya zetu walipika mrenda na kunde kwa maji, munyu na maziwa kidogo. Wajaphadhola na Wateso hutia karanga au simsim iliyosagwa, na ladha yake hakuna anayeishinda, lakini karanga zina mafuta mengi. Kijiko kimoja kwa kila mlaji kinatosha kuleta harufu.

Kwa samaki, Majanji haina haja ya kufundishwa na mtu. Wageni wa Jumapili hutaka ngege (sato) au mbuta (sangara) aliyezamishwa kwenye kaango mpaka akauke. Wenyeji tunajua kwamba ngege mbichi, aliyetoka kwenye mtumbwi asubuhi, anataka maji, nyanya, kitunguu na chumvi kidogo tu. Na kwa asiye na hela ya ngege kuna mukene, wale dagaa ambao ng'ambo ya mpaka huitwa omena. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaushe kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo huku ukiwageuza, mpaka harufu ya ziwa itoke na waanze kulia wakiguswa na mwiko. Kisha ndipo uweke kitunguu na nyanya nyingi. Zaidi ya nusu ya uzito wa mukene mkavu ni protini, na protini ndiyo inayolinda misuli mtu wa makamo anapopungua. Pia inashibisha kuliko ugali. Anayepunguza ugali bila kuongeza samaki au maharage atashindwa kabla ya mwezi kuisha, na atajilaumu bure.

Pombe nitaigusa kwa kifupi. Chupa ya nusu lita ya bia ni kalori kama 200. Chungu cha ajono (pombe ya kienyeji), ambacho wazee hukizunguka na mirija mirefu jioni nzima, hakina kipimo kabisa. Wanaume wengi wa huku hawana shida ya chakula. Shida yao ni kiti cha jioni na kile kinacholetwa kula nacho.

Kilo sita, nilizozitaja kwenye chai, zinaweza kuonekana haba kwa anayetaka kurudia umbo la harusini. Lakini zinatosha kugeuza njia ya ugonjwa. Mwaka 2002 Wamarekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa wakikaribia kisukari, wastani wa umri wao ukiwa kama miaka 51. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi au kufanya mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani walipungua kilo 5.6, na waliopata kisukari miongoni mwao walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wasiofanya hivyo. Dawa ya metformin ilipunguza kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa siku tano za wiki, yaani kushuka kwenye pikipiki mapema na kumalizia kwa miguu, asubuhi na jioni.

Asiye na mizani nyumbani achukue kamba, apime urefu wake toka kisigino hadi utosini, aikunje katikati. Nusu hiyo inapaswa kuzunguka kiuno kwenye usawa wa kitovu na ncha zikutane. Zisipokutana, tumbo limezidi. Kamba hiyohiyo ikitundikwa ukutani itaonyesha mabadiliko ambayo kioo hakiyaoni.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Jumamosi. Huku Jumamosi ni ya matanga na harusi, na sahani ya matanga hairudishwi. Wali, nyama, ugali, soda juu yake. Kukataa ni kuwatia wenye msiba aibu. Mimi nasema usikatae. Pokea, omba akupakulie mama unayemjua, mwambie kwa sauti ya kawaida aongeze mboga na nyama na apunguze wali, na maji yatangulie soda. Siku moja haiharibu kitu ikiwa sita nyingine zina utaratibu.

Na mwambie mwenzako wa nyumbani kabla hujaanza, umwambie na dada au shemeji mmoja mwenye mdomo mwepesi. Sema wazi: napunguza sukari na mafuta kwa sababu ya presha. Habari itasambaa yenyewe, safari hii ikiwa ya kweli.

Yupo pia mtu ambaye maswali ya jirani kwake ni halali kabisa. Anayepungua bila kukusudia, nguo zikamlegea naye hajabadilisha chakula, au ana kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku: huyo aende kituo cha afya apimwe sukari, kifua kikuu na VVU, na asipongezwe kwa kukonda. Vyote hivyo leo vina tiba, na dawa za VVU zimewarudisha wengi shambani na ziwani. Naye anayemeza tayari dawa za kisukari au za presha asikate ugali kabla ya kuongea na anayemwandikia dawa hizo. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi mtu akaanguka njiani. Abebe kitabu chake cha kliniki, aeleze anachokusudia kubadilisha, apimwe, kisha aambiwe dozi ianze kupunguzwa lini.